Hapa Kuna Mtu

Mtandio ulikuwa umelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

Mama Vifungo aliugusa upande huu, akaugusa upande ule, kisha akainua uso kutazama kama kuna bomba linalovuja kwenye dari la kivuko. Dari lilikuwa kavu. Benchi yenyewe, pale alipokaa yeye, ilikuwa kavu. Palipolowa ni pembeni yake tu, pale alipoutandika mtandio, tena maji yalikuwa yamechora umbo la mtu aliyekaa, mapaja mawili yaliyobanwa kwa adabu. Akaukamua nje ya ukingo, akaukung'uta, akasema moyoni kwamba ni wale mabaharia wavivu wanaopiga deki bila kukausha. Akautia mkobani, akashuka kwenda kazini.

Sasa nisipowaeleza utaratibu wetu sisi tunaovuka kila siku, mtaniona natunga. Kivuko cha asubuhi hujaa hadi mlangoni. Anayewahi hukalia nafasi yake, halafu hutandika kitu pembeni kwa ajili ya mwenzake anayechelewa: gazeti, mkoba, mtandio, hata kiatu nimeona. Akija mtu akauliza, "Hapa kuna mtu?" unamjibu, "Kuna mtu," naye anapita bila kinyongo, ingawa anajua fika kwamba huyo mtu bado yuko kwake anatafuta soksi. Ni uongo, lakini ni uongo tuliokubaliana sote. Mimi mwenyewe nimeusema mara nyingi kuliko nilivyosema shikamoo.

Mama Vifungo alikuwa akiusema uongo huo kwa ajili ya Mpiga Chapa. Mama Vifungo alikuwa fundi katika karakana ya kushona sare za shule, ng'ambo ya pili, na kazi yake tangu ujana ilikuwa moja tu, vifungo na matundu yake. Mwenzake alikuwa akichapa barua katika ofisi ya mwanasheria. Miaka nenda miaka rudi Mpiga Chapa alifika wa mwisho, viatu mkononi, mnyororo wa mlango ukiwa umeshaanza kulia, na akishajitupa kwenye nafasi yake wawili hao walianza kuwasema mabosi wao, wakavuka maji yote bila kuyaona. Halafu Mpiga Chapa akastaafu. Akaenda kukaa kwa mwanawe wa kiume, mji wa mbali. Mwanzoni alipiga simu, baadaye akawa anatuma zile picha za maua zilizoandikwa "asubuhi njema", baadaye hata maua yakakoma.

Mama Vifungo hakuacha kutandika mtandio. Mumewe alikuwa amefariki zamani, binti yake wa pekee alikuwa mwalimu wa chekechea huko mbali, na nyumba ilikuwa kimya kuanzia mlangoni hadi uani. Kule kivukoni, walau asubuhi na jioni, mtu alimuuliza kama yuko na mtu, naye akajibu kwamba yuko. Hakutaka watu wamwone kuwa ni mtu asiye na mtu. Basi akawa anasema "kuna mtu" kila aendapo na kila arudipo, kwa sauti ya kawaida kabisa, pembeni ya nafasi tupu.

Na kitu kikasikia.

Kesho yake mtandio ulilowa tena. Siku iliyofuata, kivuko kikiwa katikati ya maji, benchi ilibonyea. Zile ni benchi ndefu za mbao, akikaa mtu mzito upande mmoja, wewe wa upande wa pili unasikia. Ilibonyea taratibu, ikalia kidogo, ikatulia, na pakaja harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi zikasahauliwa kabatini. Mama Vifungo alitazama mbele. Hakugeuza shingo. Alikamata mkoba wake hadi vidole vikaingia ganzi, akamwomba Mungu wafike, na walipofika gatini benchi ikainuka kabla yeye hajasimama, kama mtu anavyotangulia kumpisha mwenzake.

Nisiwadanganye, aliogopa. Lakini siku zikapita na kile kitu hakikumfanya lolote. Kilikaa tu. Jioni moja, amechoka, kidole kimechomwa sindano chini ya kucha, akajikuta anasema kwa sauti ya chini, "Leo nimefokewa mbele ya vitoto vilivyoanza kazi juzi." Benchi ikalia kidogo upande ule, kama mtu amejisogeza ili asikie vizuri. Akaendelea. Akasema yote. Walipofika gatini kifua chake kilikuwa chepesi, akatambua kwamba tangu Mpiga Chapa aondoke hajawahi kumaliza hadithi mbele ya mtu akasikilizwa mpaka mwisho.

Sisi wa benchi ya nyuma tulianza kunong'onezana.

"Huyu mama anaongea na nani?"

"Na simu."

"Simu iko wapi?"

Halafu likatokea lile la mwanamume wa tai. Alikuwa mtu wa benki, mwenye haraka zake, akamwambia Mama Vifungo, "Mama, kila siku kuna mtu, na kila siku simwoni. Mtu wako ni hewa?" Akauondoa mtandio kwa ncha za vidole, akakaa. Kabla hatujafika katikati ya maji alianza kukohoa, kikohozi cha mtu aliyepaliwa, akainama, na kilichomtoka kinywani kikamwagikia viatu vyake kilikuwa maji, maji mengi yenye mchanga mweusi na harufu ya chumvi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Tuliingia, tukauona mtandio, tukapita. Kivuko kijae namna gani, nafasi ile ilibaki wazi, nasi tulisimama karibu nayo tukitazama kwingine.

Yaliyotokea nyumbani sikuyaona, lakini jirani yake ni mtu wa kuaminika, na hana sababu ya kunidanganya. Anasema Mama Vifungo alikuwa na kochi la watu wawili sebuleni, na kwamba siku hizo nusu ya kochi ilikuwa haikauki. Alilitandikia nailoni, kama mwenye mtoto mdogo, akawa anakaa upande wa pili jioni na kusimulia mambo ya vifungo. Jirani aliwahi kumwambia, "Dada, nyumba yako siku hizi ina wageni?" Naye akacheka tu.

Shule zilipofungwa, binti yake akaja. Hakuja kutembea tu.

"Nimeomba uhamisho, mama," alisema mlangoni kabla hata hajavua viatu. "Wakinipa nakuja kukaa na wewe moja kwa moja. Umekaa peke yako vya kutosha."

Mama Vifungo alimshika uso kwa mikono miwili, akalia kwa furaha. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko hicho. Alipokwenda jikoni kuchemsha chai na kurudi, binti alikuwa ameketi kwenye kochi, juu ya nailoni.

"Mbona hapa pana nailoni?"

"Dari linavuja. Njoo ukae upande huu, mwanangu."

"Niko vizuri tu. Na hii harufu?"

"Kochi la zamani," mama akasema, akamimina chai.

Asubuhi binti aliamka na kikohozi. Siku ya pili mto wake ulikuwa umelowa, na siku ya tatu hospitali walimpiga picha ya kifua. Daktari aliitazama picha, akamtazama msichana, akauliza kama ameokolewa baharini karibuni, kwa sababu mapafu yana maji. Binti alijaribu kucheka. Hakuwahi hata kujifunza kuogelea. Walimpa dawa, wakarudi nyumbani, na mchana huo huo, jua likiwa kali madirishani na redio ya jirani ikiimba ukutani, Mama Vifungo alitoka jikoni akamkuta binti amelala kochini, na akasimama pale na mwiko mkononi bila kuweza kupiga hatua, kwa sababu kochi lilikuwa limebonyea kuliko uzito wa msichana mwembamba kama yule, na nailoni ilikuwa ikikunjamana yenyewe polepole kuelekea shingoni mwake, na nywele zake zilikuwa zikidondosha maji sakafuni, tone, halafu tone, na kinywa chake kilikuwa wazi kikiinuka na kushuka kama cha samaki aliyetupwa gatini, na ile harufu aliyokuwa ameizoea, harufu aliyofika hata kuipenda, ikamjaa puani hadi akahisi na yeye anazama.

"Mwache," alisema kwa mnong'ono. "Huyo ni mwanangu, tafadhali. Mwache."

Akamvuta binti kwa makwapa hadi chumbani, akafunga mlango, akaenda kwa jirani bila viatu.

Jirani ndiye aliyempeleka kwa mganga. Msidhani ni mapango na mafuvu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, chumba chake kiko juu ya duka la matairi, na wagonjwa walisubiri kwa namba kwenye viti vya plastiki. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Nani alimkaribisha?"

"Hakuna, bibi."

"Yuko. Jini wa baharini hakai na mtu bila kukaribishwa. Huyu tena amekaribishwa kwa adabu, ndiyo maana naye alikuja na adabu. Ulimwambia nini?"

Mama Vifungo alifikiri. "Nilisema kuna mtu."

"Mara moja?"

"Kila siku. Watu walikuwa wakiniuliza, nami najibu."

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake. "Ulimwekea nafasi," akasema polepole. "Wale hawana nafasi popote, mama. Umempa, na sasa kila anayekaa pembeni yako anakaa mahali pake. Hana ugomvi na wewe. Ana ugomvi na yeyote utakayempenda."

"Atatoka?"

"Atatoka ukimtoa wewe mwenyewe. Panda kivuko, kaa pale pale, tandika mtandio wako. Mtu akiuliza, sema hapa hakuna mtu. Utoe mtandio, mtu hai akae, akae hadi ng'ambo. Basi, atakuwa hana pake, hata nyumbani kwako." Kisha akamshika mkono. "Lakini nisikie vizuri. Mara ya kwanza ulimwita hujui. Ukimwita mara ya pili utakuwa umemwita unajua, na hapo usije kwangu, wala usiende kwa mwingine. Hakuna wa kumtoa."

Asubuhi yake Mama Vifungo alimwacha binti kwa jirani, amefunikwa blanketi mbili na midomo imemgeuka ya kijivu, akapanda kivuko. Akatandika mtandio. Akangoja kuulizwa.

Hakuna aliyeuliza. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea. Tuliingia mmoja mmoja, tukauona ule mtandio, tukapita na kwenda kubanana nyuma. Mnyororo ukalia, mlango ukafungwa, kivuko kikaondoka. Benchi ikabonyea.

"Hapa hakuna mtu," Mama Vifungo akasema kwa sauti. Watu wakatazama simu zao. "Jamani, hapa hakuna mtu, njooni mkae." Mzee mmoja mwenye mguu mbovu, aliyekuwa amening'inia kwenye bomba, akatikisa kichwa na kugeukia dirishani, maana alikuwepo siku ya yule wa tai. Na kadiri Mama Vifungo alivyozidi kuwasihi ndivyo harufu ilivyozidi, na mtandio ukaanza kudondosha maji yaliyotambaa sakafuni hadi kwenye viatu vyetu, na benchi ikaanza kubonyea si pale pembeni tena bali karibu zaidi, karibu kabisa na paja lake, hadi gauni lake likalowa ubavu mzima, na gati la ng'ambo lilikuwa limeshaonekana, na yeye alijua kwamba wakilifikia kabla mtu hajakaa atamkuta binti yake amefunikwa hadi usoni, akawa anatazama uso baada ya uso na kila uso unainama.

Aliyemwokoa ni mgeni. Mwanamke mmoja mchovu aliyebeba godoro lililofungwa kwa kamba alijipenyeza kutoka upande wa ngazi, jasho likimtoka, hajui habari zetu.

"Samahani dada, hapa kuna mtu?"

"Hakuna," Mama Vifungo akasema, akaunyakua mtandio. "Hakuna mtu. Kaa, ndugu yangu, kaa."

Mgeni akakaa. Benchi ikapaa na kushuka kwa kishindo kidogo, kama mzigo umetuliwa. Na hapo, kwenye sikio lake la upande ule, karibu kuliko mtu anavyoweza kukaa, Mama Vifungo akasikia sauti kwa mara ya kwanza. Haikuwa na hasira.

"Nilikuwa nakusikiliza," ilisema.

Binti alipona. Jirani anasema kikohozi kilikatika asubuhi ile ile, akaomba uji. Kochi likakauka, nailoni ikatupwa. Shule zilipofunguliwa binti akarudi kwenye kazi yake kungojea uhamisho, na uhamisho, mnajua mambo ya ofisi, ukakaa kwenye meza ya mtu. Mwanzo alipiga simu kila jioni. Baadaye kila Jumapili. Baadaye akawa na mitihani ya watoto, vikao, kuchoka.

Na Mama Vifungo akawa anavuka. Pembeni yake sasa walikaa watu, kila siku mtu mwingine, wote hai, wenye joto la mwili na vitu vya kusikilizia masikioni. Aliwasalimu, wakamwitikia kwa kichwa. Mara moja alianza kumsimulia msichana mmoja kuhusu kifungo, jinsi kinavyoshonwa kwa shina la uzi chini yake ili kisikaze kitambaa. Msichana alitoa kitu kimoja sikioni, akasema, "Eti?" akakirudisha. Jirani alimkaribisha kwake jioni kadhaa, lakini jirani ana wajukuu, na mazungumzo yake yote yalikatwa katikati na mtoto anayelia. Sebuleni kochi lilikuwa kavu pande zote mbili. Upweke ulimkaa Mama Vifungo hadi kwenye sauti, ikawa akizungumza inakwaruza kwa kutotumika.

Siku ya mwisho ninayoijua, bosi wa karakana alileta mashine. Ilikuwa inashona kifungo na kutoboa tundu kwa mpigo mmoja. Hawakumfukuza, walimwambia awe anafagia nyuzi. Alipanda kivuko cha jioni mapema, akakaa mahali pake, na maneno yakiwa yamemjaa kooni. Hakuwa na wa kumwambia. Alimpigia binti, simu ikaita hadi ikakatika.

Kijana mmoja mwenye mkoba mgongoni akasimama mbele yake. "Samahani mama, hapa kuna mtu?"

Nilikuwa benchi ya nyuma. Nilimwona akiitazama ile nafasi kwa muda mrefu. Kisha akafungua mkoba, akautoa mtandio, akautandika, akaunyoosha pembe zake kwa viganja.

"Kuna mtu," akasema.

Kijana akapita. Benchi ikabonyea papo hapo, kabla hata kivuko hakijaondoka, na ile harufu nikaipata mimi hadi kule nilikokaa. Mama Vifungo akavuta pumzi ndefu. "Wameleta mashine," akaanza, kwa sauti ya chini. Simu yake ikalia.

Aliiweka sikioni. Sauti ya binti ilikuwa ya furaha, nilisikia karibu kila neno.

"Mama, samahani sikupokea, nilikuwa nashusha mabegi kwenye basi. Nimepata. Wamenipa uhamisho. Sikukwambia, nilitaka nikushtukize. Niko getini hapa chini na vitu vyangu vyote, nakuona dirishani. Niwekee nafasi, nakuja."

Mama Vifungo aliweka simu mapajani, akaugeukia ule upande ambao hakuwahi kuutazama benchi ikiwa imebonyea, na nikamwona akisema haraka haraka, midomo tu, hakuna mtu, hakuna mtu, hapa hakuna mtu, huku akiuvuta mtandio kwa mikono miwili, na mtandio hauji, umekaliwa, unadondosha maji tu kwenye ukingo wa benchi, na nyuma yake ngazi zinagongwa na viatu vya mtu anayekimbia na mabegi, anacheka, anaomba njia, na benchi haikuinuka hata unywele mmoja.

Akaacha kuvuta. Akakaa wima, akajifuta uso kwa pindo la mkono wa gauni.

Binti akafika akihema, begi kila bega. "Samahani, mama," akasema kwa utani, kwa sauti ya abiria, mkono wake umeshaufikia mtandio. "Hapa kuna mtu?"

Mama Vifungo aliuwekea kiganja juu.

"Kuna mtu."

Binti akacheka. Halafu akaona mama yake hacheki. "Mama, ni mimi."

"Nakuona. Usikae hapa. Nenda kakae mbele."

"Nimekuja kukaa na wewe."

"Mbele, mwanangu. Hapa kuna mtu."

Kivuko kilikuwa kimeshaondoka. Watu waligeuza shingo, na mama mmoja karibu yangu akasonya, akasema kwa kunong'ona kwamba kuna wazazi wana roho ngumu. Msichana alisimama na mabegi yake, macho yamemjaa maji, akitazama nafasi tupu, kisha mkono wa mama yake juu ya kile kitambaa kilicholowa.

"Na nyumbani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nyumbani pia," Mama Vifungo akasema. "Nenda."

Akaenda. Akakaa benchi ya mbele kabisa, na hakugeuka hata mara moja hadi ng'ambo. Mama yake alimtazama kisogo njia nzima. Na tulipofika katikati ya maji nikamsikia akianza kusimulia, polepole, kwa ile sauti ya kukwaruza, jinsi binti yake alivyozaliwa, alivyochelewa kutembea, alivyokuwa akipenda kuchezea vifungo sakafuni. Benchi ikalia kidogo upande ule, mbonyeo ukamsogelea.